Eneo Bunge la Pili la South Dakota Halikufa kwa Kukosa Watu

Sensa ya 1930 ilihesabu watu 692,849 katika jimbo la South Dakota, kwenye mbuga za nyasi za kaskazini mwa Marekani, na jimbo likapata viti viwili katika Baraza la Wawakilishi. Sensa ya 1980 ilihesabu watu 690,768, na jimbo likapata kiti kimoja. Pungufu ni watu 2,081 ndani ya nusu karne, idadi ya mji mdogo mmoja. Januari 1983 eneo bunge la pili, lililobeba sauti ya magharibi ya jimbo kwa miaka 50, likafutwa kwenye ramani, na tangu hapo South Dakota nzima ina mbunge mmoja.

Maelezo yanayotolewa kila mara ni mepesi: ukame na madeni viliwang'oa wafugaji, vijana wakakimbilia mijini, magharibi ikabaki na ng'ombe, kiti nacho kikawafuata watu. Kaunti nyingi za vijijini kweli zilipungua watu. Lakini kati ya 1970 na 1980 jimbo lenyewe liliongezeka watu kama 25,000. Lilipoteza kiti huku likikua. Kumwambia mtu wa Rapid City au Presho, miji ya magharibi, kwamba alinyang'anywa mbunge kwa sababu majirani zake walihama ni kumbebesha mzigo usio wake. Kilichoua kiti hicho kilipangwa Washington mwaka 1929, na kwa heshima ya wale waliokipoteza inafaa hesabu hiyo ifanywe upya, hatua kwa hatua, pamoja na zile hoja zinazowakera.

Kwanza mto, maana bila mto huu eneo bunge lenyewe halieleweki. Missouri inaingia jimboni kutoka kaskazini, inapita Pierre yaliko makao makuu ya jimbo, kisha inateremka Chamberlain hadi mpaka wa Nebraska. Wenyeji huziita pande hizo East River na West River, na kila mtu anajua anatoka upande gani. Mashariki udongo ni mzito, ulioachwa na barafu ya kale, na kule kusini mashariki mvua hupita milimita 600 kwa mwaka. Mkulima wa huko huuliza ekari moja itatoa mahindi kiasi gani. Magharibi nyasi ni fupi, na mvua ya kaskazini magharibi ni kama milimita 400 au chini yake. Mfugaji wa huko huuliza ng'ombe mmoja na ndama wake watahitaji ekari ngapi. Hata saa zinatofautiana: sehemu kubwa ya magharibi iko nyuma ya mashariki kwa saa moja.

Tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye siasa. Mkulima wa mahindi, soya na nguruwe anaitazama Washington kupitia Wizara ya Kilimo: bei, mikopo, bima ya mazao. Mtu wa West River anaitazama kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani na ofisi za ardhi ya umma: malisho ya kukodi kwenye nyanda za serikali kuu, msitu wa milima ya Black Hills, mabwawa ya Missouri yaliyojengwa chini ya sheria ya 1944. Tena huko ndiko ziliko rizavu kubwa, yaani ardhi zilizotengewa wenyeji asilia, za Walakota: Pine Ridge, Rosebud, Cheyenne River, Standing Rock na Lower Brule. Katika rizavu, shule, hospitali, barabara na hati za ardhi kwa kiasi kikubwa huamuliwa na serikali kuu. Kwa hiyo mbunge kule ni mtu wa kubisha hodi kwenye ofisi ambazo mwenzake wa mashariki huenda asizikanyage mwaka mzima.

Anayesoma orodha za wabunge wa zamani ajihadhari na namba. South Dakota ilipojiunga na Muungano mwaka 1889 ilikuwa na wabunge wawili waliochaguliwa na jimbo zima. Maeneo bunge yalianza 1913, yakiwa matatu, na magharibi wakati huo ilikuwa eneo la tatu, lililoshikwa na Harry Gandy wa chama cha Democratic kuanzia 1915 na William Williamson wa Republican kuanzia 1921. Royal Johnson, anayeonekana kwenye orodha kama mbunge wa eneo la pili hadi 1933, alikuwa mtu wa Aberdeen, mashariki. Ni baada ya viti kushuka kutoka vitatu hadi viwili, 1933, ndipo magharibi ilipovaa namba mbili.

Kuanzia hapo kiti kilishikwa na watu sita tu: Theodore Werner hadi 1937, Francis Case hadi 1951, E. Y. Berry kwa miaka 20 kamili hadi 1971, James Abourezk kwa muhula mmoja, James Abdnor hadi 1981, na Clint Roberts, mfugaji wa Presho, aliyekaa miaka miwili ya mwisho. Watatu kati yao, Case, Abourezk na Abdnor, walitoka kwenye kiti hicho wakaingia Seneti. Abdnor alimwangusha George McGovern, seneta aliyewahi kugombea urais, mwaka 1980. Kwa upande wenye watu wachache kiasi kile, hiyo ilikuwa ngazi ya maana. Kijana wa Kennebec au wa Wood, vijiji vidogo sana, aliweza kuanza na wapiga kura wanaomfahamu, akajenga jina, halafu akavuka mto.

Sasa turudi kwenye namba, kwa sababu hapo ndipo kesi ya magharibi inapodharauliwa.

Sensa ya 1910 ilihesabu South Dakota watu 583,888. Viti: vitatu. Sensa ya 1930: 692,849. Viti: viwili. Yaani watu waliongezeka zaidi ya 100,000, viti vikapungua. Kisha 1980: idadi karibu ileile ya 1930, kiti kimoja. Mstari wa watu ulipanda kidogo ukatulia. Mstari wa viti ulishuka ngazi kwa ngazi. Mistari hiyo miwili haiwezi kuelezwa na habari za wahamaji. Inaelezwa na namba ya tatu, 435, idadi ya viti vya Baraza zima.

Tangu Marekani ianze hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Baraza la Wawakilishi lilikuwa likipanuliwa karibu kila baada ya sensa, ili jimbo linalokua polepole lisipokonywe kiti kwa sababu tu jirani anakua haraka. Baada ya sensa ya 1910 liliwekwa viti 433, pamoja na viti viwili vilivyowangoja Arizona na New Mexico. Wakati huo mbunge mmoja alisimama kwa niaba ya watu kama 210,000. Sensa ya 1920 ilipoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba wakazi wa mijini ni wengi kuliko wa vijijini, Congress, yaani Baraza na Seneti kwa pamoja, iligoma kugawa viti upya. Kulikuwa na pendekezo la viti 483 ambalo lingeliacha kila jimbo na viti vyake. Baraza likalipunguza hadi 435, Seneti ikaliacha life. Muongo mzima ukapita bila mgawanyo. Mwaka 1929 ikapitishwa sheria ya kudumu: baada ya kila sensa viti vigawanywe vyenyewe, na idadi ibaki ileile. Isipokuwa nyongeza ya muda ya viti viwili Alaska na Hawaii zilipojiunga, 435 haijaguswa.

Mwaka 1930 Marekani ilikuwa na watu milioni 123. Mwaka 1980 ilikuwa na milioni 226. Keki haikuongezwa hata kipande, walaji wakakaribia kuwa mara mbili. South Dakota ilikaa palepale, na kukaa palepale kukahesabiwa kuwa ni kurudi nyuma. Kiti chake kilikwenda kusini na magharibi ya mbali pamoja na vingine 16: Florida ilipata vinne zaidi, Texas vitatu, California viwili. Hakuna aliyeiba. Lakini tusiseme kilipotea kwa sababu watu wa West River walikwisha.

Upande wa pili una hoja nzito, na mtu mkweli huanza na ile inayouma zaidi. Wakati eneo bunge la pili lilipokuwa imara kuliko wakati wowote, lilikuwa halina haki.

Sensa ya 1960 iliwapata watu 680,514 jimboni. Eneo la pili lilikuwa kaunti zote za magharibi ya Missouri na hakuna zaidi: watu 182,845. Eneo la kwanza lilikuwa mashariki yote: watu 497,669. Gawanya: kura ya mtu wa Rapid City ilikuwa na uzito wa kura 2.7 za mtu wa Sioux Falls, mji mkubwa wa mashariki. Mpaka ulichorwa kwa kufuata mto, watu hawakuhesabiwa. Hilo liliwezekana kwa sababu sheria ileile ya 1929 haikurudia sharti la zamani kwamba maeneo bunge yawe na watu wanaolingana, na mwaka 1932 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba sharti hilo limekufa. Yaani sheria moja iliipa magharibi upendeleo kwa mkono mmoja na kuichimbia kaburi kwa mkono mwingine. Wanaoikumbuka enzi ya Case na Berry kwa uchungu husahau mkono wa kwanza.

Februari 1964, katika kesi ya Wesberry dhidi ya Sanders iliyotoka jimbo la Georgia, Mahakama ya Juu iliamua kwamba maeneo bunge ya jimbo moja lazima yawe na watu wanaokaribiana kadiri iwezekanavyo. Hakuna namna ya kuukwepa uamuzi huo, na siutafutii kasoro. Ila tazama ulichofanya kwenye ramani hii. Nusu ya 680,514 ni 340,257. Ili eneo la pili lifike hapo, lilihitaji kuchota watu 157,412 kutoka mashariki ya mto. Kwa hesabu hiyo, karibu watu 46 katika kila 100 wa "eneo la magharibi" walipaswa kuwa watu wa East River. Mpaka uliokuwa mto ukawa mstari uliokatiza mashamba ya mashariki. Abdnor na Roberts, ingawa wote wawili walitoka kaunti ya Lyman upande wa magharibi, walikuwa wakiomba kura za wakulima wa nafaka pamoja na za wafugaji. Kwa hiyo kiti kilichofutwa 1983 hakikuwa tena kile cha 1960. Sehemu kubwa ya safari ya kifo ilikuwa imeshatembewa. Hoja hii hutolewa dhidi ya magharibi, nayo ni ya kweli. Hata hivyo, asilimia 54 ni wengi. Mgombea asiyejua bei ya ndama au kanuni za malisho ya kukodi asingekipata kiti hicho.

Usawa wenyewe, basi, tuupime mpaka mwisho, maana wanaousifu huishia njiani. Uamuzi wa 1964 unadai usawa ndani ya jimbo. Kati ya jimbo na jimbo haugusi kitu, kwa sababu katiba inataka kila jimbo lipate angalau kiti kimoja na kiti hakiwezi kuvuka mpaka wa jimbo. Baada ya sensa ya 1980, South Dakota ilikuwa jimbo lenye watu wengi kuliko yote yaliyobaki na mbunge mmoja, hivyo eneo lake likawa kubwa kuliko yote nchini kwa idadi ya watu: 690,768. Jirani yake Montana, yenye watu 786,690, ilibaki na wawili. Kila mmoja akawa na watu 393,345, na hayo yakawa maeneo madogo kuliko yote. Watu 95,922 wa ziada wakaleta mbunge mzima wa ziada. Mfugaji wa Belle Fourche, South Dakota, alikuwa na asilimia 57 ya uzito wa kura ya mfugaji mwenzake wa Montana, kwa mwendo wa saa chache tu barabarani. Miaka 20 tu nyuma yake huyohuyo wa Belle Fourche alikuwa na uzito wa mara 2.7 dhidi ya mtu wa Sioux Falls, na jambo hilo likaitwa dhulma, likarekebishwa. Hili la pili liliitwa hesabu.

Na hesabu hiyo ina namna zake. Inayotumika tangu 1941 huanza kwa kutoa kiti kimoja kwa kila jimbo, 50 kwa jumla. Vinavyobaki 385 hupangiwa foleni. Kwa kiti cha pili, idadi ya watu wa jimbo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni 1.414; kwa cha tatu, kwa kipeuo cha pili cha 6; na kuendelea hivyo. Mwenye jibu kubwa huchukua kiti, foleni inasogea, hadi cha 435. South Dakota: 690,768 gawa kwa 1.414 ni kama 488,500. Montana: kama 556,300. Wastani wa watu kwa mbunge ulikuwa karibu 519,000, na mstari wa kukata ulipita kati ya majirani hao wawili. Kwa kipimo hicho South Dakota haikukosa kwa unywele. Ilipungukiwa na makumi ya maelfu ya watu.

Lakini jaribu kipimo kingine, kile ambacho Montana yenyewe ilikuja kukipeleka Mahakama ya Juu ilipopoteza kiti chake baada ya sensa ya 1990. Kipimo hicho huuliza swali ambalo mwananchi wa kawaida angeuliza: ni idadi gani ya viti inayowaweka watu wa jimbo karibu zaidi na wastani wa taifa? Kwa South Dakota ya 1980, kwa kiti kimoja, eneo linauzidi wastani kwa watu kama 171,500. Kwa viti viwili, kila eneo linapungua chini ya wastani kwa watu kama 173,900. Tofauti ya makosa hayo mawili ni watu 2,400 hivi. Sasa rudisha wale 2,081 waliopungua tangu 1930: kwa kiti kimoja ziada ni 173,600, kwa viwili upungufu ni 172,800. Viti viwili vinashinda. Kwa kipimo hicho, mji mmoja mdogo ulitosha kuamua kama magharibi itakuwa na mbunge. Sisemi kipimo hicho ndicho bora. Wataalamu wa hesabu hizi wana sababu za kutokipenda, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilikubaliana kwa kauli moja kwamba Congress ina uhuru wa kuchagua namna yake, ingawa takwimu za Montana zilionyesha waziwazi kwamba viti viwili vingeikaribisha kwenye wastani. Nasema tu kwamba neno "hesabu" linaficha chaguo, na chaguo lina mwenyewe.

Nini kilipotea? Kwanza kamati. Jimbo lenye wabunge wawili liliweza kumweka mmoja kwenye Kilimo na mwingine kwenye Mambo ya Ndani, alikokaa Berry. Mbunge mmoja hulazimika kuchagua, na hesabu ya kura humchagulia. Tom Daschle, aliyekuwa mbunge wa mashariki, alikuwa mtu wa Kamati ya Kilimo. Uchaguzi wa 1982 ulimgonganisha yeye na Clint Roberts, wote wawili wabunge waliokuwa madarakani, wakigombea kiti kimoja katika msukosuko wa madeni ya wakulima. Daschle alishinda kwa karibu asilimia 52 dhidi ya 48. Hakuna aliyeonewa, watu wengi wako East River, na mashamba yalikuwa yakipigwa mnada. Lakini tazama waliofuata: Tim Johnson, John Thune, Bill Janklow, Stephanie Herseth Sandlin, Kristi Noem, Dusty Johnson aliyeingia 2019. Katika wote hao na Daschle, wengi ni watu wa mashariki; Thune wa Murdo ni wa wachache waliokulia magharibi ya Missouri. Ile ngazi ya Kennebec na Wood haipo. Anayetaka kuanza sasa aanze na jimbo zima, matangazo ya redio na televisheni pande zote mbili, na barabara ya kilomita 560 kati ya Sioux Falls na Rapid City.

Kuna hoja ya mwisho ya upande wa pili, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Je, eneo bunge la magharibi liliwasemea wote wa magharibi? Walakota ndio waliokuwa na haja kubwa kuliko wote ya mbunge wa karibu. Berry, katika Congress ya 1953 hadi 1955, alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya masuala ya wenyeji asilia, wakati sera ya Washington ilipokuwa kuvunja uhusiano kati ya serikali kuu na makabila, makabila mengi yakiipinga. Mlakota pekee aliyekaa kwenye Baraza kutoka South Dakota, Ben Reifel, mzaliwa wa Rosebud, alichaguliwa na mashariki, akahudumu 1961 hadi 1971 kwa kura za wakulima wa mahindi. Wakazi wa kaunti za Shannon (sasa Oglala Lakota) na Todd, zilizo ndani ya Pine Ridge na Rosebud, hawakuruhusiwa kuwachagua maofisa wa kaunti waliowatawala mpaka mahakama ya rufaa ilipoingilia mwaka 1975, na baada ya sheria ya haki ya kupiga kura kuongezwa nguvu mwaka huohuo, kaunti hizo mbili ziliwekwa chini ya uangalizi wa serikali kuu. Mto, basi, haukuwa dhamana ya sauti.

Naikubali hoja hiyo, lakini haifiki inakotaka kufika. Kiti kilekile kilimpata Abourezk, mtoto wa wahamiaji wa Lebanoni aliyezaliwa Wood, ndani ya nchi ya Rosebud. Alipofika Seneti aliongoza tume ya kupitia upya sera za serikali kwa wenyeji asilia, akasukuma sheria ya 1978 ya kuzuia watoto wao kuondolewa kiholela katika familia na kabila. Kiti kinaweza kukaliwa vibaya na vizuri. Kikikaliwa vibaya, wapiga kura wana mtu wa kumwondoa, na mwaka 1970 magharibi ilihama kweli kutoka Berry wa Republican aliyestaafu kwenda kwa Abourezk wa Democratic. Kiti kisichokuwepo hakina wa kuondolewa. Na ni vigumu kutotazama tarehe: Juni 1980 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Black Hills zilichukuliwa kinyume cha haki kutoka kwa Wasioux, yaani Walakota na ndugu zao, na kwamba wanastahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100, fidia waliyoikataa kwa sababu wanataka ardhi. Mwaka uleule, sensa ikaondoa mbunge aliyekuwa akichaguliwa kutoka kwenye milima hiyo.

Wapo pia wanaosema Seneti inatosha: South Dakota ina maseneta wawili sawa na California, isijilalamikie. Seneti inawakilisha jimbo, na jimbo lina pande mbili. Maseneta wote wawili huchaguliwa na watu walewale wa jimbo zima wanaomchagua mbunge, kwa hiyo kura tatu za Washington hupita kwenye chujio moja. Mgawanyo wa ndani ya jimbo ulikuwa kazi ya Baraza, na Baraza ndilo lililogandishwa.

Ndiyo maana nadhani kurudisha mpaka wa mto ni ndoto isiyofaa, na kulia juu ya hesabu ya 1980 peke yake ni kukosea mlango. Mlango ni 435. Kama Baraza lingekuwa na viti takriban 30 zaidi mwaka 1980, South Dakota ingebaki na viwili kwa kanuni ileile inayotumika sasa, bila kugusa haki ya Sioux Falls wala kanuni ya 1964. Leo, kwa watu 886,667 wa sensa ya 2020, ingehitaji Baraza la viti kama 530. Ni Congress inayoweza kulipanua, kwa sheria ya kawaida, bila kubadili katiba.

Bila hivyo, njia ni ile iliyopitwa na Montana, iliyosubiri kuanzia 1993 hadi 2023 kurudishiwa kiti cha pili baada ya kuvuka watu milioni 1.08. South Dakota iliongezeka watu 72,487 kati ya 2010 na 2020, karibu asilimia 9. Ukiuchukulia mstari wa kukata kuwa umesimama, zinahitajika sensa tatu. Lakini mstari hausimami: taifa lenyewe lilikua zaidi ya asilimia 7 katika miaka hiyohiyo, na mstari ukapanda nalo. Kwa mwendo huo wa pande zote mbili, kiti cha pili kitarudi South Dakota baada ya zaidi ya karne moja.